Ratili Moja Pasi na Damu

Neno uchungu katika Kiswahili limebeba zaidi ya maana moja, na maana hizo hazikai mbalimbali. Ni ladha ya shubiri, ambayo akina mama wa pwani waliipaka kwenye titi walipotaka kumwachisha mtoto kunyonya. Ni maumivu ya kidonda, na ni maumivu ya mwanamke anayejifungua. Ni majonzi ya aliyefiwa. Tena ni mapenzi: mtu husifiwa kuwa ana uchungu na nchi yake, au ana uchungu na wanawe, na anayesikia hufahamu kwamba mtu huyo hawezi kustahamili kuona vyake vikidhulumiwa. Wahenga waliposema kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, walikusanya karibu maana zote hizo katika kauli moja. Kwa hiyo anayekaa kitako kuandika insha juu ya mhusika mwenye uchungu huanza kutaabishwa na neno lenyewe kabla hajakifungua kitabu. Hana budi kujiuliza ni uchungu upi anaotaka kuuandika, na kama anaweza kuuandika huo bila ya kuigusa mingine.

Miongoni mwa wahusika wa namna hiyo, wachache wamezitaabisha kalamu kama Shylock, Myahudi mkopeshaji fedha katika tamthilia ambayo Shakespeare aliiandika mwishoni mwa miaka ya 1590 na ikachapishwa mwaka 1600. Msomaji wa Kiswahili anamjua kwa mkono wa Mwalimu Julius Nyerere, aliyeifasiri tamthilia hiyo kwa jina la Mabepari wa Venisi, tafsiri iliyotoka mwaka 1969. Kisa chake ni chepesi kusimulia. Bassanio anahitaji dukati 3,000 ili aende Belmont kumposa Portia, mwanamke tajiri. Rafiki yake Antonio, mfanyabiashara, hana fedha mkononi kwa kuwa mali yake yote iko baharini, basi anakopa kwa Shylock, mtu ambaye amekuwa akimtukana na kumtemea mate hadharani. Shylock anakubali kukopesha kwa miezi mitatu bila riba, kwa sharti linalosemwa kama mzaha: deni lisipolipwa kwa siku yake, Antonio atakatwa ratili moja ya nyama ya mwili wake. Merikebu zinaripotiwa kuzama, siku inapita, na mzaha unafika mahakamani ukiwa na kisu.

Jambo la kwanza linalomshangaza anayeandika ni uchache wa nafasi aliyopewa mtu huyu. Katika maonyesho 20 ya tamthilia nzima, Shylock anaonekana katika matano tu. Antonio ndiye mfanyabiashara anayetajwa katika jina la Kiingereza, Portia ndiye mwenye akili inayofungua fundo la kisa, na sehemu ya tano inakwenda hadi mwisho bila ya Shylock kuwapo. Hata hivyo, mtazamaji akirudi nyumbani hurudi na sauti yake. Uchungu una nguvu hiyo ya kukamata. Insha inayokusudiwa kuzungumzia tamthilia yote humezwa na mtu mmoja, na mwandishi, akisoma alichokiandika, hugundua kwamba amejaza kurasa kwa hasira isiyokuwa yake.

Kishawishi cha kwanza ni kumtetea, nacho huja upesi kwa sababu ushahidi uko tele. Mtu huyu ametukanwa, ameitwa mbwa, ametemewa mate juu ya vazi lake. Anaishi katika mji unaomhitaji kwa fedha zake na kumchukia kwa sababu hizo hizo. Binti yake wa pekee, Jessica, anatoroka usiku na kijana Mkristo aitwaye Lorenzo, akichukua sanduku la vito na dukati za babake. Kisha yapo maneno yake mashuhuri ya sehemu ya tatu, anapouliza kama Myahudi hakuumbwa kwa viungo na hisia zile zile walizo nazo Wakristo, akiumia kama wao na kuugua kama wao. Maneno hayo yamenukuliwa mara nyingi kama hoja ya udugu wa binadamu, na mwandishi aliyejaa huruma hutamani kuyaweka kileleni mwa insha yake.

Taabu ni kwamba hoja ile haimaliziki hapo. Shylock haiongezi hatua kwa hatua ili adai huruma au haki sawa. Anaijenga ili afike kwenye kisasi: ikiwa tunafanana katika mengine yote, basi tufanane katika kulipiza, na Mkristo ndiye mwalimu wangu. Anayeikata hotuba hiyo katikati anakuwa na mtu mpole ambaye Shakespeare hakumwandika. Si hayo tu. Katika onyesho lake la kwanza kabisa, kabla ya mkataba na kabla ya binti kutoroka, Shylock anajisemea pembeni kwamba ana kinyongo cha siku nyingi na Antonio na anangoja nafasi. Anataja na sababu: kwamba Antonio ni Mkristo, na zaidi ya hilo, kwamba hukopesha fedha bure na hivyo kushusha kiwango cha riba mjini. Anayetaka kusema kwamba uchungu wote ulitokana na kuporwa mtoto lazima aipite kimya kimya sehemu hiyo. Msomaji makini humkamata hapo.

Kishawishi cha pili ni kumhukumu, na kwa msomaji wa pwani mlango wake uko wazi. Riba ni haramu katika Uislamu, na hata Kanisa la Ulaya ya zama za kati liliikataza kwa waumini wake. Visiwani Unguja na Pemba mambo ya deni si hadithi ya mbali. Katika miaka ya 1930 madeni ya wenye mashamba ya mikarafuu yalikuwa mazito hata serikali ya kikoloni ikatunga sheria, mwaka 1934, za kuzuia ardhi isihamie mikononi mwa wakopeshaji. Kwa hivyo msomaji anaweza kumwona Shylock, akadhani anamjua, na kuufunga moyo wake kabla hajafunua ukurasa wa pili.

Lakini historia ya Venice inamtaka asiharakishe. Katika sehemu nyingi za Ulaya Wayahudi walinyimwa ardhi na vyama vya mafundi, wakaachiwa kazi ambazo Wakristo walizihitaji na wakati huo huo wakazidharau. Mwaka 1516 watawala wa Venice waliwatengea mtaa mmoja wa kuishi, na malango yake yakawa yanafungwa usiku. Mtaa huo uliitwa Ghetto, na kutoka jina lake likaenea neno ambalo leo vijana wa mijini hulitamka geto wakiwa na maana ya chumba cha kujistiri tu. Huko Uingereza, Mfalme Edward wa Kwanza aliwafukuza Wayahudi wote mwaka 1290, na Shakespeare aliandika akiwa katika nchi ambayo kwa miaka 300 haikuwa na jamii yao inayoishi kwa uwazi. Wengi wa watazamaji wake wa kwanza walicheka taswira ya watu wasiowahi kukaa nao baraza moja. Taswira ya namna hiyo haina wa kuikanusha, na kwa hiyo hukaa muda mrefu.

Matokeo yake yanajulikana. Mwaka 1943, wakati Wayahudi wa Vienna walikuwa wamekwisha kuhamishwa na kupelekwa kuuawa, tamthilia hii ilichezwa katika jumba kuu la michezo la mji huo, na Shylock akaigizwa ili achukiwe. Maandishi ya Shakespeare yalitumiwa kuwaambia watu kwamba unyama uliofanywa ulikuwa haki. Anayeandika insha kwa nia ya kuonyesha tu ubaya wa mhusika yafaa aukumbuke mwaka huo. Mkopeshaji mmoja katili ni mhusika. Mkopeshaji anayefanywa kuwa sura ya kabila zima ni silaha, na insha hugeuka silaha kwa njia nyepesi sana: kwa kuandika wao pale ilipotakiwa kuandikwa yeye.

Hapa tafsiri ya Mwalimu Nyerere inamsaidia mwandishi kuliko inavyodhaniwa. Jina la Kiingereza linamtaja mfanyabiashara mmoja, na huyo ni Antonio. Jina la Kiswahili liko katika wingi, na neno lililochaguliwa si wafanyabiashara bali mabepari. Ilikuwa miaka miwili tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967, na neno hilo lilikuwa na ukali wake. Wapo waliolisoma jina hilo kama siasa iliyobandikwa juu ya sanaa. Lakini lisomwe pia kama uhakiki. Kwa wingi ule, Shylock anaondolewa upweke wa lawama na kuketishwa pamoja na wenzake. Antonio anatafuta faida baharini. Bassanio amekwisha kutapanya mali yake na sasa anakopa ili aoe utajiri. Lorenzo anapokea mke pamoja na sanduku la vito. Katika mji huo kila mtu ana bei ya kitu mdomoni, na mwenye uchungu ndiye peke yake anayeitaja bei hiyo kwa sauti.

Anaitaja kwa ukali zaidi mbele ya hakimu. Anapoombwa awe na huruma, Shylock anawakumbusha waheshimiwa wa Venice kwamba wao wana watumwa waliowanunua, wanawatumia kama wanyama wa kazi, na hakuna anayewaambia wawaachie huru. Nyama ya Antonio, anasema, nayo imenunuliwa, tena ghali. Mahali pengine maneno hayo huenda yakasomwa kama ujanja wa mahakamani. Unguja hayasomeki hivyo. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukaondolewa kisheria mwaka 1897. Msomaji anayepita mitaa hiyo anajua kwamba Shylock amesema kweli, na kwamba hakuna mahakamani anayemjibu hoja hiyo.

Ila, na hapa ndipo kalamu inapokwama, Shylock hasemi kweli hiyo kwa ajili ya watumwa. Hadai waachiwe. Anaichukua dhuluma ya wengine na kuifanya jiwe la kunolea kisu chake. Mwandishi anayempenda atasita kuliandika hilo, na anayemchukia atasita kukiri kwamba kweli ilisemwa. Kuyaandika yote mawili katika aya moja bila ya kuliacha moja lilipe deni la jingine ni kazi ngumu. Mtu huitamani ile "lakini" itakayoweka mambo sawa: alikuwa katili lakini alidhulumiwa, au alidhulumiwa lakini alikuwa katili. Kila moja ya sentensi hizo inaisha kwa hukumu, na hukumu hiyo inategemea tu kipi kimetangulia kuandikwa.

Kiswahili kina msamiati mpana wa hali hii, na uvivu wa mwandishi huonekana pale anapoyatumia maneno yake kana kwamba ni mamoja. Hasira hupanda na kushuka. Chuki hukaa. Husuda humtazama mwenye neema. Kinyongo huhesabu siku, na kisasi hutafuta siku moja. Shylock anayo yote, ila si kwa wakati mmoja, na lipo onyesho moja ambamo yanapokezana kwa dakika chache. Ni pale Tubal, Myahudi mwenzake, anaporudi kutoka Genoa alikokwenda kumtafuta Jessica. Hakumpata, ila amesikia habari zake. Kwa pumzi moja anaeleza kwamba binti ametumia dukati 80 kwa usiku mmoja, na kwa pumzi nyingine kwamba merikebu ya Antonio imepotea. Shylock anavutwa huku na huku. Anatamani bintiye awe maiti miguuni pake pamoja na vito vyake, tamko ambalo hakuna mtetezi anayeweza kulipamba. Mara anashukuru Mungu kwa hasara ya adui. Kisha Tubal anataja pete ambayo Jessica ameitoa ili apate kima.

Shylock anaitambua pete hiyo. Alipewa na Leah, wakati yeye alipokuwa kapera. Jina la Leah halikutajwa kabla ya hapo wala halitajwi tena. Hatuambiwi alikuwa nani, ingawa kila msomaji hufahamu, wala hatuambiwi alikufa lini. Mtu aliyehesabu kila dukati tangu mwanzo anataja kitu ambacho, kwake yeye, hakina bei. Kwa muda wa sentensi mbili uchungu wake unarudi kwenye ile maana ya mapenzi. Halafu anamwagiza Tubal akamkodi ofisa wa kumkamata Antonio, nasi tumekwisha kuivuka ile pete.

Tamaa ya kusimama hapo ni kubwa, nayo ndiyo kishawishi cha tatu: kujaza kile ambacho mtunzi alikiacha wazi. Waigizaji wakubwa walishindwa kujizuia. Charles Macklin mwaka 1741 alimfanya Shylock wa kutisha, baada ya miaka ambayo alichezwa kama kichekesho. Edmund Kean mwaka 1814 alilitupa lile wigi jekundu la desturi akavaa jeusi, na watazamaji wa London wakaona mtu aliyeumizwa. Henry Irving, mwaka 1879, aliongeza tukio ambalo halimo kabisa katika maandishi: Shylock anarudi usiku nyumbani kwake, binti amekwisha kuondoka, naye anabisha hodi kwenye mlango wa nyumba tupu. Walioliona walisisimka. Mwigizaji anaweza kuwa na haki hiyo, kwa kuwa jukwaa ni lake. Mwandishi wa insha hana. Akimpa Leah sura, tabia na kaburi, atakuwa ameandika hadithi nyingine na kuitia jina la Shylock. Ile pete inauma kwa sababu imetajwa mara moja tu.

Wapenzi wa ushairi wataona jambo jingine hapo. Shylock akiwa anajadiliana mkataba na Antonio, na akiwa mahakamani, husema kwa shairi. Lakini katika onyesho hilo la Tubal, na katika hotuba ile mashuhuri inayolitangulia, anasema kwa nathari. Uchungu ulipozidi, mizani ilivunjika. Washairi wa mwambao na visiwani wanaijua hali hiyo kutokana na malumbano. Anayejibu huku akiwa amelishika shairi huweza kuuma na asitukane, kwa sababu vina na mizani humlazimisha kungoja. Anayejibu akiwa ameshikwa na hasira huandika matusi yaliyopangwa beti. Insha haina vina vya kumzuia mtu. Mwandishi aliyewahi kudhulumiwa, na ni nani asiyewahi, huanza kumwandika mkopeshaji wa Venice na kujikuta anamwandika jirani, ndugu wa mirathi, au mkubwa wa kazi. Dalili yake ni vivumishi: vinaongezeka, vinakuwa vikali, na havimhusu tena Shylock. Dawa pekee ni kurudi kwenye matini na kuuliza, kila sentensi, kama jambo hilo limo.

Ndipo insha inapofika mahakamani, na mwandishi anapata kioo chake. Portia, akiwa amevaa kama mwanasheria, kwanza anamsihi Shylock juu ya rehema. Anapokataa, anampa haki yake kamili: aichukue ratili ya nyama, ila asimwage tone la damu, kwa kuwa damu haikuandikwa katika hati. Kuanzia hapo sheria inageuka. Mali yake inagawanywa. Uhai anasamehewa, na katika masharti ya msamaha huo yamo kwamba awe Mkristo na kwamba akifa, mali yake iende kwa Lorenzo na Jessica. Waliozungumza juu ya rehema wanamnyang'anya dini yake na kuiita hiyo rehema. Shylock anajibu kwamba ameridhika. Anaomba ruhusa aondoke, maana hajisikii vizuri. Mtu aliyekuwa na maneno mengi anatoka kwa maneno machache.

Sharti alilopewa Shylock ndilo analopewa kila anayeandika juu yake. Anatakiwa akate kipande cha mtu huyo, kile kipande cha uchungu, akipime na kukiweka mezani kwa wasomaji, na asimwage damu. Haiwezekani. Uchungu wake hauchomoki peke yake. Umeshikana na pete ya Leah, na mate ya Antonio juu ya vazi lake, na riba, na lile tamko la kutisha juu ya bintiye. Anayevuta kimoja anavitoa vyote. Inavyoonekana, insha iliyo bora ni ile inayokiri hivyo mapema, ikaacha kushika mizani ya hakimu, na ikajitahidi tu kueleza kilichosemwa, kwa mpangilio uliosemwa, hata pale ambapo maneno ya pili yanayaaibisha ya kwanza.

Sehemu ya tano iko Belmont. Kuna mbalamwezi, kuna muziki, na wapendanao wanagombana kwa mzaha juu ya pete za ndoa, kana kwamba hakuna pete nyingine iliyopata kutajwa. Karibu na mwisho, Lorenzo na Jessica wanakabidhiwa hati ya mali ya Shylock, na hakuna anayeuliza yuko wapi wala hali yake ikoje. Lakini mapema katika usiku huo, muziki unapoanza kupigwa, Jessica anasema kwamba muziki mtamu haumletei furaha kamwe. Lorenzo anamtafutia sababu, ndefu na nzuri, juu ya nguvu ya muziki kwa viumbe. Jessica hamjibu. Tangu hapo mpaka pazia linapofungwa, hasemi neno tena.